Sensa za Ireland mtandaoni: nilivyomtafuta babu nikiwa Kabwe, Mbeya

Nianze na nyota kabisa, mwenye haraka asipoteze muda: nne kati ya tano. Zingekuwa tano kama aliyenakili jina la ukoo wa babu yangu angevaa miwani.

Mimi nina stationery hapa Kabwe. Natoa kopi, nachapa barua, napiga pasipoti saizi, nafanya lamination, na nawajazia watu maombi ya mkopo wa chuo, ya ajira, ya vyeti vya kuzaliwa. Kwa hiyo nikisema mfumo fulani ni mzuri, anayesema ni mtu anayeshinda mbele ya mifumo kuanzia saa mbili asubuhi. Nimeshasubiri ukurasa mmoja ufunguke mpaka mteja akaenda Mwanjelwa kununua viatu, akarudi, ukurasa bado unazunguka.

Sasa mtu wa Kabwe anatafuta nini kwenye sensa ya Ireland? Mama yangu ni chotara. Alizaliwa Chunya mwaka 1938, kule machimboni Lupa, enzi ambazo dhahabu ilikuwa imevuta watu wa kila aina: Wazungu wenye hema na karai, Wahindi wenye maduka, na vijana wa Kinyakyusa waliotoka Rungwe kwenda kutafuta shilingi. Bibi yangu alimfuata kaka yake huko, akawa anawapikia wachimbaji. Babu alikuwa mmoja wa Wazungu wa karai, si wale wa kampuni. Mama alikuwa na miaka sita babu alipoondoka, na hakurudi. Hatukusimuliwa ugomvi wowote, wala hakuna barua. Kilichobaki ni kitabu cha sala chenye jalada la ngozi nyeusi, na ukurasa wa kwanza umeandikwa jina lake, neno "Kilmore", na mwaka 1911.

Pamoja na kitabu hicho kuna mambo matatu ambayo Bibi aliyarudia mpaka anazikwa. Kwamba babu alikuwa na kaka yake anaitwa Cornelius. Kwamba akishalewa aliimba kwa lugha ambayo si Kiingereza. Na kwamba ukimwita Mwingereza anaweza asile chakula chako.

Jina la ukoo naliweka kapuni. Mama hataki litajwe, na ni haki yake.

Mwaka jana mpwa wangu aliyeko Dar alinielekeza kwenye tovuti moja ya kigeni ya mambo ya ukoo. Inakukaribisha bure kwa siku kadhaa, inaomba namba ya kadi, eti kwa uhakika tu, halafu siku zikiisha inakata yenyewe. Nilikatwa elfu hamsini na kitu nikiwa nimelala. Na nilichokipata humo ni orodha ya watu wenye jina linalofanana na la babu, nusu yao Australia, na ujumbe kwamba kama nataka kuona picha ya fomu yenyewe nilipie kifurushi kikubwa zaidi. Nikafunga kompyuta, nikamwambia mke wangu tuachane na hayo mambo.

Aliyenifungua macho ni padri mmoja mzee, Mzungu, aliyekuja kutoa kopi za cheti. Kitabu cha sala kilikuwa kimelala juu ya mashine. Akakiangalia, akasoma lile jina, akaniuliza kwa Kiswahili cha kunyooka kabisa: "Nani anamtafuta Mwairishi hapa Kabwe?" Nikamweleza. Akacheka habari ya elfu hamsini, kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, usilipe hata senti. Sensa ya 1901 na ya 1911 ziko kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa, Dublin. Zote. Picha za fomu pia. Bure." Akaniandikia nyuma ya risiti: nationalarchives.ie. Nikamtolea kopi bila malipo, akakataa, akalipa.

Inabidi nieleze kidogo kwa nini ni hizo mbili tu, maana mimi mwenyewe nilidhani padri kasahau nyingine. Ireland walianza kuhesabu watu kwa mpango mwaka 1821, kisha kila baada ya miaka 10 mpaka 1911. Ungetegemea shehena ya karatasi. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe iliziharibu muda si mrefu baada ya kuhesabu. Za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, inasemekana kwa sababu ya uhaba wa karatasi. Zile za zamani zaidi, 1821 hadi 1851, zilikuwa zimetunzwa Four Courts, majengo ya mahakama kule Dublin, na tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe ndiyo vimeanza, ghala lile la nyaraka lililipuka likateketea. Vilinusurika vipande. Mwaka 1921 hawakuhesabu kabisa, walikuwa vitani kudai uhuru. Kwa hiyo anayetaka kuona kaya moja moja, kaunti zote 32, ana nafasi mbili tu: usiku wa Jumapili ya 31 Machi 1901 na usiku wa Jumapili ya 2 Aprili 1911.

Niliposoma habari ya moto ule nilitabasamu, si kwa ubaya. Nimeshawahi kufuatilia kumbukumbu za wachimbaji wa Lupa katika ofisi moja humu nchini. Nilizungushwa wiki tatu, mwisho nikaonyeshwa kabati la mafaili yaliyoliwa na mchwa mpaka yakabaki magamba. Wao moto, sisi mchwa.

Tovuti yenyewe ni nyepesi. Hili nalisema kama mlipa bando. Fomu ni PDF, na nilizifungua kwenye simu jioni, saa ambazo mtandao wa huku unatembea kwa magoti, zikafunguka. Huhitaji kujisajili, na hakuna anayekuomba kadi. Unaweza kutafuta kwa jina, umri, kaunti, au ukashuka ngazi kwa ngazi: kaunti, kisha eneo dogo la uchaguzi, kisha kitongoji chenyewe, kisha nyumba moja moja. Wao wana majina yao ya ngazi hizo, lakini mtu aliyewahi kujaza fomu ya serikali ya mtaa ataelewa mara moja. Ni kata na kitongoji.

Nikaandika jina la ukoo la babu, nikaandika Kilmore. Hakuna. Nikaondoa ile "O" yenye alama ya mkato juu, ambayo familia moja huiweka leo na kuiacha kesho. Hakuna. Nikaacha jina, nikatafuta Kilmore peke yake, na hapo ndipo nilipojua kwamba Kilmore kwa Ireland ni kama Majengo kwa Tanzania. Kila unapogeuka ipo. Mara nyingi maana yake ni kanisa kubwa, na kwa Waairishi makanisa hayakuwa haba.

Basi nikamgeukia Cornelius. Niliona ni jina la nadra, litanipa njia. Nilijidanganya mara mbili. Kwanza, kuna kaunti moja kusini-magharibi, Kerry, ambako Cornelius ni kama Tumaini hapa Mbeya, ukiita sokoni wanageuka watano. Pili, nilikuwa namtafuta Cornelius ndani ya sensa ya 1911, usiku baada ya usiku, nikilinganisha familia, nikiandika kwenye daftari la mauzo kina Cornelius wenye wadogo zao. Siku nne zimekwenda hivyo. Kumbe Cornelius wangu mwaka 1911 hakuwepo.

Lakini wale kina Cornelius wengi walinipa fikra. Nikaacha kutafuta jina, nikaingia Kerry, nikashuka mpaka Kilmore ya huko, nikaanza kufungua nyumba moja moja kama karani wa sensa anayepita na kishikwambi. Kitongoji si kikubwa, ni kazi ya jioni moja. Umeme ukakatika saa mbili na nusu, nikaendelea na simu. Niliwapata kabla ya kufika nusu. Jina la ukoo lilikuwa limechapwa na herufi moja tofauti, "n" imesomwa "u", basi. Ukifungua picha ya fomu yenyewe, unaona wazi kabisa kwamba ni "n" ya mtu mwenye haraka. Nimewaandikia. Nasubiri. Ndiyo nyota niliyoikata hiyo.

Kwa hiyo, anayetaka kutumia huduma hii asiyaamini maandishi yaliyochapwa. Yale ni dirisha la kuchungulia tu, fomu yenyewe ndiyo nyumba. Ni mwandiko wa siku ile, wino wa siku ile.

Fomu ya kaya inamtaja kila aliyelala ndani usiku ule: jina, uhusiano na mkuu wa kaya, dini, kama anajua kusoma na kuandika, umri, kazi, ndoa, alikozaliwa, na kama anazungumza Kiairishi. Safu ya mwisho inauliza nani kiziwi, nani bubu, nani kipofu, nani mpumbavu, nani kichaa, kwa maneno hayo hayo bila haya. Chini kuna sahihi ya mkuu wa kaya na ya mhesabu. Na mhesabu alikuwa askari polisi. Hebu fikiria, sensa ya 2022 tungehesabiwa na askari mlangoni, ni wangapi wangekimbilia shambani.

Kitu kimoja kilinisumbua usiku mzima. Karibu kila mstari ulikuwa na neno "do". Dini: do. Alikozaliwa: do. Mwanzoni nilidhani ni amri, kisha nikadhani ni kifupi cha Dominic. Asubuhi ndipo nikagundua ni ile alama ya "kama hapo juu" tunayoweka sisi kwa vikoma viwili kwenye daftari la mahudhurio.

Baba yake babu hakujua kusoma. Mahali pa sahihi ameweka alama ya X, na askari ameshuhudia. Mimi nina kidau cha wino wa dole gumba hapa kaunta, kila wiki wazee wawili watatu wanakitumia, tena wengine wanaona aibu. Nikiwaona sasa namkumbuka yule.

Raha ya kweli ni kuziweka sensa mbili bega kwa bega. Mwaka 1901 babu ana miaka miwili, na kwenye safu ya elimu askari ameandika kwa umakini wote kwamba hajui kusoma. Miaka miwili! Mwaka 1911 ana 12, ni mwanafunzi, anasoma na kuandika. Kwenye lugha: Kiairishi na Kiingereza. Niliposoma hapo nilisimama, nikatoka nje ya duka, nikarudi. Bibi alikuwa anasema kweli kuhusu zile nyimbo. Hakuna mtu aliyewahi kumwamini. Wajomba walisema ni Kiingereza cha kilevi.

Kuna na bibi yake babu, yaani mama wa mkuu wa kaya, kikongwe, naye yumo katika zote mbili. Mwaka 1901 ana miaka 62. Mwaka 1911 ana 76. Miaka 10 kazeeka miaka 14. Nilidhani ni makosa ya kunakili, nikafungua picha, ni hivyo hivyo. Maelezo yake ni matamu. Kuanzia Januari 1909 serikali ilianza kulipa pensheni ya uzee, hadi shilingi 5 kwa wiki, kwa waliofikisha miaka 70. Na usajili wa vizazi vya watu wote Ireland ulianza 1864 tu, kwa hiyo hakuna mzee wa wakati ule aliyekuwa na cheti. Ghafla nchi nzima wazee wakazeeka kwa kasi. Sisi hapa dukani nakutana na wanaopunguza: kijana wa mpira ana 17 kwa mwaka wa nne mfululizo, mtumishi anayekaribia kustaafu anakumbuka ghafla kwamba alizaliwa nyuma kidogo. Wao waliongeza. Biashara ni ile ile.

Tena maofisa hawakukubali maneno matupu. Waliwatafuta waombaji katika sensa za 1841 na 1851, kuthibitisha kama walikuwepo na walikuwa na umri gani, na karatasi nyingi za upekuzi huo zimebaki mpaka leo. Sensa zenyewe zikaungua 1922. Yaani kuna familia ambazo ushahidi wao pekee wa 1841 ni bibi aliyekuwa anafukuzia pensheni.

Fomu ya 1911 ina safu tatu ambazo ile ya 1901 haina: ndoa ina miaka mingapi, watoto wangapi walizaliwa hai, wangapi bado wako hai. Kwa mama yake babu imeandikwa 21, 9, 7. Ndani ya nyumba usiku ule kuna watoto sita. Hesabu hiyo ndiyo iliyoniambia habari za Cornelius. Mwaka 1901 yumo, ana miaka 10, mtoto wa kwanza. Mwaka 1911 hayumo, lakini mama yake anasema watoto saba wako hai. Kwa hiyo yuko hai mahali pengine. Bibi alituambia Cornelius alikwenda Marekani, na babu akiwa na pesa alikuwa akisema atamfuata. Aliishia Chunya.

Nije kwenye fomu ambayo wengi huiruka, na kwangu ndiyo inayofanya huduma hii iwe na thamani kuliko zile za kulipia. Ni fomu ya nyumba. Askari alikuwa anazipa nyumba alama. Kuta za mawe, matofali au zege, 1. Za udongo au mbao, 0. Paa la mawe bapa, bati au vigae, 1; la nyasi, 0. Vyumba vina alama zake kwa makundi. Madirisha ya mbele anayahesabu moja moja. Anajumlisha, anapata daraja la nyumba, kuanzia la kwanza mpaka la nne. Nyumba ya kina babu: kuta 1, paa 0, vyumba vitatu ambavyo ni alama 2, madirisha 2. Jumla 5. Daraja la tatu. Watu tisa ndani ya vyumba vitatu. Fomu nyingine inataja mabanda: la ng'ombe, la nguruwe, la kuku. Mtu wa Uyole angehamia kesho.

Nilichapa zote, nikazipeleka Isanga Jumapili baada ya misa. Ilikuwa Julai, baridi ile ya kuumiza masikio, mama amejifunga khanga mbili na blanketi, jiko la mkaa limesogezwa miguuni. Nikamsomea majina. Akawa anayarudia polepole, hasa ya shangazi zake, kama anayaonja. Nikamwambia habari ya lugha. Akasema tu, "Si nilisema. Mama hakuwa mwongo."

Nikafika kwenye nyumba. "Paa?" akauliza, kabla sijamaliza.

"Nyasi, mama. Wamempa sifuri."

Akanyamaza. Nilidhani kasikitika, nikaanza kueleza kwamba nyasi zao wanaziezeka vizuri, nene, hazivuji. Kumbe anacheka chini chini mpaka blanketi linatikisika. Akanisimulia jambo ambalo sijawahi kulisikia maisha yangu yote. Dhahabu ya kwanza ya maana ambayo babu aliipata, hakununua gari kama wenzake, wala hakunywa. Alinunua bati. Alimwezekea Bibi nyumba yake pale Chunya, na bati zilizobaki akaezeka mpaka banda la kuku. Wachimbaji wengine walimcheka, kwa sababu jua la Chunya ukilala chini ya bati mchana unaiva. Mvua ya kwanza iliponyesha alimpakata mama, akakaa naye sebuleni bila kusema kitu, wanasikiliza kelele. "Nilikuwa mdogo, lakini hilo nalikumbuka," mama akasema. "Nilidhani Wazungu wote wanapenda kelele."

Kwa kipande hicho peke yake ningewapa nyota kumi, ila mfumo wa nyota hauruhusu.

Kasoro nyingine nizitaje upesi. Fomu ni za Kiingereza, na chache za Kiairishi, kwa hiyo kama Kiingereza kinakupiga chenga mchukue kijana akusaidie, tena kijana mwenye subira ya mwandiko wa kulala. Anayehesabiwa ni aliyelala pale usiku ule. Aliyelala kwa shemeji yuko kwa shemeji. Alikozaliwa mtu inaandikwa kaunti tu, si kijiji, jambo linaloudhi sana ukiwa na jina kama Kilmore. Na kuanzia 1911 kuna shimo. Sensa iliyofuata ni ya 18 Aprili 1926, ya kaunti 26 tu za Dola Huru ya Ireland, yaani upande uliojitenga na Uingereza, na sheria yao inazifunga fomu kwa miaka 100, kwa hiyo zamu yake ni Aprili 2026. Usiku ule wa 1926 babu angekuwa na miaka 27. Kama alikuwa bado chini ya lile paa la sifuri, nitamkuta. Bando nimeshatenga.

Upande wa Bibi sina cha kufungua. Mtoto wa kike wa Rungwe aliyezaliwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hakuandikiwa fomu na askari yeyote. Ninachojua juu yake nimekitoa midomoni mwa watu, na midomo hiyo imebaki miwili: ya mama, na ya mzee mmoja wa Matundasi ambaye ukimpigia simu anataka kwanza mmalizane na salamu zote za Kinyakyusa, "ugonile" mpaka "ndaga fijo", vocha inakwenda. Nimeanza kumrekodi. Barabara ya Chunya siku hizi ni lami, nitakwenda mwenyewe kabla mvua hazijaanza.

Mama aliniomba ile fomu ya 1911 niifanyie lamination. Nikaifanya ya A3. Alipoiona aliishika kwa muda mrefu, kidole chake kikawa kinatembea kwenye zile safu tatu za mama mkwe wa Bibi. 21, 9, 7.

"Hawa wawili wanaitwaje?" akauliza.

"Haijaandikwa, mama. Waliokufa hawahesabiwi."

"Mimi nataka majina yao. Niwatolee misa na majina yao, si 'wawili'."

Nikarudi dukani. Ipo tovuti nyingine ya serikali ya kule, irishgenealogy.ie, nayo bure, yenye picha za rejista za vizazi vya zaidi ya miaka 100 iliyopita na vifo vya zaidi ya miaka 50. Tathmini yake nitaandika siku nyingine, maana bado nimo ndani. Mmoja nimempata. Aliitwa Honora, alizaliwa kati ya Cornelius na yule anayefuata, na hakufika 1901. Mama ameshapeleka jina parokiani. Wa pili namtafuta kila nikifunga duka, na safari hii sianzi na jina la ukoo.